Muhula wa Pili

Chuoni walimwita Mzee Muktadha, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha wachungaji watarajiwa habari za Waisraeli wa kale, na mwanafunzi akifungua mdomo tu, yeye hudakia: "Nani anasimulia? Lini? Anamwogopa nani?" Wanafunzi walisema mzee huyu hata ukimwamkia atataka kwanza kujua muktadha.

Ila alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Muhula wa kwanza simulizi isomwe kama ilivyo: Yeriko, tarumbeta, ukuta chini, kila chenye pumzi kikakatwa kwa upanga. Alisoma kwa sauti nzito, darasa likasisimka. Muhula wa pili ndipo alipoleta ramani na chaki za rangi. Simulizi hizi, alieleza, wataalamu wengi wanaona zilipata umbo lake mamia ya miaka baadaye, katika ufalme mdogo uliokanyagwa na Waashuri, kisha zikasimuliwa upya na watu waliofukuzwa makwao wakakalishwa Babeli. Wanyonge walijisimulia ushindi wasiokuwa nao. "Kwanza moyo upigwe, ndipo akili iamke," alijitetea. Utaratibu mzuri huo, laiti wote wangebaki hadi muhula wa pili!

Mmoja hakubaki. Kijana hodari, mwenye daftari safi kuliko wote, aliitwa na kanisa la kwao baada ya muhula wa kwanza kwa kuwa mchungaji wao alifariki ghafla. Mzee alimpa mkono, akamtakia heri. Sasa kijana huyo alikuwa amehubiri Yeriko Jumapili sita mfululizo, huku kidole kikielekea dirishani, ng'ambo ya kijito, walikokaa wahamiaji. Diwani alilitaka eneo lile ajenge soko, nani asiyejua? Lakini diwani hakupiga tarumbeta yoyote. Aliketi zake kiti cha mbele akiitikia amina.

Na ng'ambo hiyo ndiko alikoolewa binti wa mzee, fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.

Jumapili ya saba mzee alikwenda kanisani, akaomba dakika tano. Mchungaji akampisha kwa adabu zote. Mzee alisema harakaharaka, jasho likimtiririka: "Wanangu, waliosimulia haya ndio waliofukuzwa! Waliochomewa nyumba ni wao! Na Maandiko yenyewe yanakiri Wakanaani hawakwisha, waliendelea kukaa nao pamoja. Hilo mbona hamsomewi?" Akaanza kuchora ramani hewani kwa kidole. Watu wakatazamana. Mama mmoja wa kwaya akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, uzee huo."

Mchungaji akafungua daftari. "Mwalimu wangu amechoka, tumwombee. Lakini alipokuwa na nguvu zake nilimnukuu neno kwa neno." Akasoma, na Mungu wangu, ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe, vituo vyake na ngurumo zake, mpaka ukuta ukaanguka. Kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alitoka mbio, mtu wa miaka sabini mwenye goti bovu, akavuka kijito na viatu vyake. Binti yake alikuwa kwenye cherehani.

"Mwanangu, chukua watoto uondoke. Wanakuja." Akamweleza yote, hakuficha kitu: daftari ni la mwanafunzi wake, maneno ni yake yeye.

Binti alisimamisha cherehani. "Na hayo mengine, baba, ya kwamba waliosimulia walikuwa watu kama sisi. Kwa nini hukuanza nayo?"

"Nilidhani muda upo."

"Muda! Mume wangu yuko kazini mpaka jioni. Niende wapi mimi, baba? Hebu nieleze, niende wapi?"

Yeye aliyejua kila mfalme alikopeleka mateka wake aliinama kutafuta viatu vya wajukuu. Akawafunga, kamba zikamshinda, wa mwisho akatoka pekupeku. Akawasindikiza na mama yao hadi mlango wa nyuma. Binti hakumuaga. Nyimbo za waumini zilikuwa zimeshafika kijitoni.

Mzee akarudi mbele, akasimama mlangoni, akashika miimo yote miwili. Alikuwa analia bila kujificha. Hampiti, alijiambia, hampiti hapa mpaka mnikanyage. Na kweli alidhamiria hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na hoja yoyote, alikuwa na mwili wake tu.

Wakaja na marungu na madumu ya mafuta ya taa, watu aliowafahamu, wengine aliwabatizia watoto, kwani naye alikuwa mchungaji. Wa kwanza kufika alikuwa yule mama wa kwaya. Akaweka dumu chini, akapiga goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mwalimu. Tupishe kidogo, tusije tukakuumiza."

"Marahaba," mzee akajikuta ameitika, na mikono ikamshuka yenyewe kutoka kwenye miimo, naye akasogea kando.