Babu alivyosikia neno "mpira" akaanza kuvaa suruali arudi Kwedizinga

Wakuu, heshima zenu. Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Mhusika mwenyewe kaniruhusu niandike, mradi nisimtaje jina.

Babu yangu wa Kwedizinga aliacha kwenda msikitini. Watu wakadhani kagombana na imamu. Baba naye hakujua kitu, maana kwetu mzee hamwambii mwanawe habari za makalio yake.

Mjukuu ni mtani, kwa hiyo nikaambiwa mimi.

Alikuwa anatoka damu kila akienda choo kikubwa, na nyingine inamvuja akisujudu. Anaogopa kuchafua mkeka wa watu. Wakuu, niliumia sana. Mzee alishafika hatua ya kuona kizunguzungu akiinuka tu kitini.

Nikambembeleza, tukapanda basi mpaka hospitali moja Korogwe. Daktari, dada mpole, akampa shikamoo yake, akampima. Akasema ni bawasiri, iko ndani, haina haja ya kupasua.

"Tutakufunga mpira tu, babu. Leo leo unarudi nyumbani."

Babu akavuta suruali akaanza kuvaa.

Kwa wasiojua, kwetu mgonjwa akiwekewa mpira ni ule wa mkojo. Rafiki kipenzi wa babu aliwekewa, akazikwa mwezi huohuo.

"Nirudishe," akaniambia. "Kama ni kufa nikafie kwangu, siyo na mpira."

Nikamwelewesha wapi, hasikii. Daktari ndiye aliyeng'amua anachoogopa. Akachukua kampira kadogo, akakaweka kwenye ncha ya kidole, akaeleza kwamba kanabana kile kinyama, damu haifiki, kinanyauka na kudondoka chenyewe.

Babu akakatazama weee.

"Haka si ndiyo kale ka kuhasia mbuzi?"

"Kanafanana, babu. Ila sisi tunafunga upande wa nyuma."

Mzee akacheka mpaka machozi, akapanda kitandani mwenyewe.

Siku za mwanzo alilalamika panavuta. Akaambiwa anywe maji mengi, ale mboga za majani, asijikamue chooni. Tulirudi tena akafungwa sehemu nyingine, damu ikakata.

Damu ya huko siyo lazima iwe bawasiri wakuu, kapimeni. Na kama una babu, mtanie mpaka aseme.

Ijumaa ile aliyorudi msikitini, wazee wawili walinivuta pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka kujua basi la Korogwe linaondoka saa ngapi. Sikuwauliza wanafuata nini.

Waliowahi kufungwa tupeni uzoefu, hata kwa ID ya pili. Tunaelewa.