Chumba Karibu na Kengele

Nilimsikia kabla sijamwona. Nyuma ya ua wa makuti mwanamume alikuwa akimfokea kuku kwa Kiyao, kwa ufasaha na uchungu, kana kwamba kuku yule ni shemeji yake. Moyo wangu, uliokuwa umenyauka tangu asubuhi, ukachanua.

Nilikuwa nimeizunguka Lindi nzima nikitafuta chumba. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyofuata ikawasukuma watu wa bara mjini, na kila kipenu karibu na shule ya serikali kilikuwa na karani, askari au ukoo mzima ndani yake. Mhindi mmoja mwenye duka alinionyesha nafasi kati ya magunia ya ufuta, akataka rupia nzima kwa mwezi. Nikamuuliza kama panya nao wanalipa.

"Panya ni wenyeji," akasema.

Mwalimu alikuwa ameshatuonya: asiyelala mahali anapoisikia kengele ya shule, kesho asije. Na kwetu Kilangala, kijana mwenye mabega aliyekosa shule alikuwa akingojwa na mizigo ya serikali.

Sasa, sisi Wamwera na Wayao ni watani. Mtani hapigiwi hodi kwa adabu. Adabu ingemtia wasiwasi. Nikavuta pumzi, nikaingia uani.

"Ewe mtumwa wangu," nikasema, "bado hujafa? Nimekuja kukuzika, na ukikawia nitalala humu humu nikikungoja."

Akageuka. Alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, ndevu zimechanwa. Hakucheka. Nikadhani anatafuta tusi la kunirudishia, basi nikamwongezea jingine, nikilinganisha kichwa chake na cha kuku.

"Kijana," akasema kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, "mimi ni muungwana wa Kiswere, mtu wa pwani, baba na babu."

Kumbe hakuwa Myao wala mtani wangu; Kiyao alijifunza ukweni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba yangu siitupi ovyo. Toka."

Ndipo mtu akaangua kicheko ndani. Mkewe akatoka, mikono imejaa unga, akifuta machozi kwa pembe ya kaniki. Huyu ndiye aliyekuwa Myao.

"Mmwera wa wapi wewe?"

"Kilangala, mama."

"Mama yako ni yule aliyekufundisha kutukana bila shabaha. Utalipa nini?"

"Kuni na maji. Na robo rupia, nikiipata."

"Kwa uso huo huipati. Chukua kile chumba cha uani. Mbuzi aliyekuwamo tumemla juzi."

"Mke wangu," mzee akasema, "ameniita mtumwa."

"Kaniita mimi, bwana. Wewe ulisimama njiani."

"Basi nyumba hii haitulazi mimi na kijana huyu."

Nikamtazama yule mama. Kwa Wayao nyumba ni ya upande wa mke. Mume huikuta, kama alivyomkuta kuku yule. Kibao changu cha kuandikia, kengele, mabega yangu, vyote vilikuwa katika mikono ile yenye unga.

Akaingia ndani, akatoka na mkeka wa mzee wa kuswalia, ameukunja vizuri.

"Dada yako ng'ambo ya kisima analalamika humtembelei. Nenda kamsalimie. Hasira zikiisha, ubwabwa upo."

Mzee akavaa makubadhi polepole mno, mguu mmoja, kisha wa pili, akimpa nafasi ya kumzuia. Mama akamwekea mkeka begani, akampangusia unga uliomwagikia hapo. Mzee akapita ukumbini, akavuka kizingiti bila kugeuka, na mama akausukuma mlango nyuma yake, akatia komeo.