Chembe cha Babu, Chembe cha Mjomba

Asubuhi ile nilifunga kamba za viatu, nikachukua mzigo wangu, nikatoka. Sikuwa na mpango. Wanaonijua waliacha zamani kuniuliza ninakwenda wapi, maana tangu nilipoacha shule nikiwa mdogo sijawahi kuwa na jibu la kuwaridhisha. Nimepakia mchanga, nimeuza miwa, nimesukuma mikokoteni katika miji ambayo siwezi tena kukumbuka mitaa yake. Safari hii nilikuwa nimerudi Busibwabo kumzika bibi, na siku iliyotangulia tulikuwa tumebomoa jiko lake. Sikutaka kuliona tena lile duara jeusi lililobaki ardhini. Nikashika njia, nikaupita mji wa Busia bila kusimama, nikaendelea upande wa Malaba.

Karibu na Alupe nilimkuta mlinzi ameketi kwenye geti la ghala la mahindi, upinde umelala magotini na podo la mishale limeegemea ukuta. Mimi, rafiki yangu, siwezi kuupita mshale. Nikamsalimia, nikamwomba anionyeshe mmoja.

"Unataka kununua ama unataka kuuliza tu?"

Nikamwambia kuuliza.

"Basi kaa. Mchana huku hakuna mwizi, kuna jua tu."

Mshale wake ulikuwa wa kawaida: mti mnyoofu, manyoya ya kuku, na mbele kile chuma tunachokiita chembe, kimefuliwa kwa nyundo na kukazwa kisiweze hata kucheza. Nikamuuliza kama amewahi kuona vyembe vya kukunja, vile vya kizungu, ambavyo makali yake yanalala yakiwa hewani na kufunguka yakigonga nyama. Akasema ameviona kwenye simu ya dereva mmoja wa lori.

"Huo ni mwavuli, boss. Sasa mimi niende kwa mwizi na mwavuli?"

Alicheka mpaka akajifuta macho. Nilicheka kidogo naye, kisha nikamrudishia mshale wake nikaendelea na safari. Nyumbani kwetu jambo hilo halichekwi.

Ngoja nikupeleke huko. Babu, baba yake mama, alikuwa mkulima wa muhogo na viazi, lakini sifa yake ilikuwa upinde. Nyuma ya mashamba yetu kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, na humo walilala nguruwe mwitu. Wakitoka, shamba lote la muhogo lilifukuliwa kama limelimwa na mwendawazimu. Kwa hiyo babu hakuwinda kwa kujifurahisha. Aliwinda tupate kula ugali.

Vyembe vyake vilitoka kwa mhunzi, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Bibi alitutuma kwake na viazi vilivyochomwa kwenye majivu, vya moto sana, tukivibadilisha mkono huu na ule njiani. Mhunzi alikula huku sisi tukimpulizia moto kwa mifuo yake ya ngozi ya mbuzi. Ninaikumbuka sauti ya ile mifuo kuliko sauti ya mwalimu wangu yeyote. Chuma kilikuwa springi kuukuu ya lori. Alikifua mpaka kikawa bapa, kipana kama jani la mpera, chenye makali pande zote mbili, na kikia kirefu cha kuingia ndani ya mti.

Babu alipokipokea hakukiamini. Alikichomeka, akakifunga kwa uzi wa ngozi mbichi uliokauka ukakaza, kisha akasimamisha mshale ncha chini juu ya ukucha wa gumba na kuuzungusha. Ukitetema, alikitoa na kuanza upya. Chembe kipana, alisema, ni kama bawa. Kikikaa upande, upepo unakishika na kukipeleka kinakotaka chenyewe. Ilimchukua siku nzima kukinyoosha, na siku nyingine kukinoa juu ya jiwe la mtoni, akijaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vipara mwaka mzima, na bibi alimwambia kwamba anafanana na kuku aliyekatizwa kunyonyolewa.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa bibi, na ndiye aliyekuwa akimfuata babu kinamasini. Alipenda vitu vipya. Siku moja ya soko alinunua Busia koti la mitumba, la kijani lenye madoadoa kama majani, na alipolivaa nyumbani alihisi kitu kigumu ndani ya bitana. Akachana uzi. Likatoka kasha dogo la plastiki, na ndani vyembe vitatu vinavyong'aa. Kila kimoja kilikuwa na ncha kama ya penseli na visu viwili vyembamba vilivyolala ubavuni, vimebanwa na pete ya mpira. Ukisukuma kisu nyuma kwa kidole, vyote viwili vinaruka wazi. Tulikusanyika kuvitazama kama watu waliopata redio.

Vilishindanishwa na vya babu uwanjani, kwenye mgomba wa bibi, naye akilalamika toka mlangoni kwamba mgomba huo bado una deni la ndizi. Mshale wa mjomba ulikwenda moja kwa moja bila kuyumba, bila kuzungushwa juu ya ukucha wa mtu yeyote, na ulipogonga ulifungua tundu la kuingiza ngumi ya mtoto. Tulipiga makofi. Mshale wa babu uliacha mpasuko mwembamba tu, lakini ncha yake ilitokea upande wa pili.

Babu akaingiza kidole kwenye tundu la mjomba. Kidole kikagota. "Mlango wako ni mpana," akamwambia. "Lakini mnyama hafi mlangoni. Hufa chumbani."

Mjomba akajibu kwamba mnyama akitoka damu nyingi hawezi kwenda mbali. Babu hakubisha. Alisema tu kwamba kitu chenye bawaba kinaomba nguvu ya kufunguka, na nguvu hiyo kinaitoa kwenye mshale uleule. Upinde wetu ni mti na kamba. Una nguvu kiasi gani ya kugawa? Walizungumza hivyo jioni nyingi, tukila ugali wa muhogo na mrenda, na bibi akisaga simsim pembeni. Yalikuwa mabishano ya furaha. Sijasikia tena wanaume wawili wakibishana vile bila mmoja kutaka kushinda.

Zile pete za mpira zilikatika kwa majaribio. Mjomba akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule tunaotengenezea manati, akafunga nao visu vyake. Ulishika vizuri. Ulishika kupita kiasi, lakini hilo nimelijua baadaye, baada ya kuuliza watu wengi katika miji mingi.

Kabla sijafika kwenye asubuhi ile, ujue desturi yetu. Mshale wa kwanza kutoa damu ndio wenye mnyama, hata kama amemalizwa na mkuki wa mwingine. Aliyetoa damu anatembea mbele kumfuata, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Kesho akina mama watakwenda kuteka maji mahali palepale. Na nyama ikigawanywa, ubavu wa upande ulioingia mshale ni wake. Hapewi mwingine. Asipoula, anahesabiwa kuwa bado yuko mawindoni, hajarudi nyumbani.

Nguruwe yule alitoka mafunjoni umande ukiwa bado mzito. Mimi nilikuwa kwenye kingo za shamba na watoto wenzangu, tukiambiwa tukae kimya. Mjomba alilenga na kufyatua. Nilisikia mlio kama wa kofi kwenye ubao, na nguruwe akageuka na kukimbilia mafunjoni na mshale ukining'inia begani. Ukaanguka kabla hajazama. Babu akauokota. Kisu kimoja kilikuwa kimefunguka, cha pili bado kimelala chini ya mpira wa baiskeli. Chembe kilikuwa kimegonga mfupa kikateleza.

Mjomba alishika njia ya damu, kama ilivyompasa. Babu akainama, akagusa tone kwenye jani, akalitazama, akamshika mwanawe bega.

"Hii si ya mapafu. Ana nguvu zote. Nipishe."

"Baba, damu ni yangu."

"Najua ni yako. Nipishe."

Akapita mbele. Jirani mmoja aliyekuwa na mkuki alikuwepo na alisikia, na sisi watoto tulisikia. Mambo mengine yote yalitokea ndani ya mafunjo. Tuliona vichwa vya mafunjo vikitikisika, tukasikia watu wakiitana majina. Walipotoka, nguruwe alikuwa amekufa kwa mkuki, na babu alikuwa amebebwa, paja lake limepasuliwa toka gotini kwenda juu. Walimfunga kwa shuka, wakamkalisha kwenye baiskeli, mmoja akisukuma na wawili wakimshikilia, kuelekea hospitali. Walirudi kabla ya saa sita, wakisukuma polepole. Mtu haambiwi maana ya mwendo ule.

Matangani watu walisema. Walisema mzee ameuawa na vichezeo vya mitumba. Mama mkubwa, dada yake mama, alimuuliza mjomba mbele ya waombolezaji kama koti bado linampendeza. Bibi aliwanyamazisha, lakini mke wa marehemu husikilizwa siku hiyo tu. Mjomba aliondoka kabla ya siku ya kunyoa nywele, ile ya kumaliza matanga. Aliliacha koti kwenye ua, limekunjwa vizuri.

Nguruwe alikuwa ameshagawanywa. Bibi alichukua ule ubavu, akauning'iniza kwa waya juu ya mafiga, kwenye moshi. Akasema mtoto wake hajala, basi bado yuko mawindoni.

Hapo ndipo nilipokulia, rafiki yangu, chini ya ubavu ule. Nilichochea moto chini yake, nilikaangia kumbikumbi chini yake, nililia chini yake nilipoacha shule. Ulikauka, ukawa mweusi, ukawa mgumu kama ubao wa mlango. Mgeni akiuliza, bibi alijibu kwamba ni chakula cha mtu. Mara nyingine habari zilikuja: ameonekana Malaba akiosha malori, yuko Tororo, amevuka hadi Juba. Bibi alisikiliza, akaongeza kuni. Nikiwa mkubwa nilimweleza niliyoyakusanya huko nilikozunguka: kwamba vile vyembe si vibaya, vimetengenezewa pinde za chuma zenye nguvu, kwamba kosa lilikuwa mpira mnene, wala si laana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie yeye. Mimi sikuwahi kumlaumu. Baba yake ndiye aliyesema nipishe."

Mhunzi alikufa na mifuo yake ikaliwa na panya. Pale kwake sasa wanachomelea mageti ya chuma kwa umeme. Mafunjo yamekatwa, kinamasi kimekuwa mashimo ya kufyatulia matofali, na mtoto wa leo ukimwambia nguruwe walitoka pale anakuangalia usoni aone kama umelewa. Hakuna tena mtu wa kuzungusha mshale juu ya ukucha. Hayo yote niliyavumilia, maana jiko lilikuwa bado limesimama.

Tulipolibomoa, ubavu ulibaki mikononi mwa mama mkubwa. Kwa desturi ni mawili tu: aliyetoa damu aule, au uzikwe, na ukizikwa ni kusema amekufa. Mama mkubwa alikuwa ameshachimba shimo karibu na kaburi la bibi.

"Mtu asiyekuja kumzika mama yake ni maiti," akasema.

Nikamwomba anipe mimi.

"Utaupeleka wapi, wewe usiye na kwako?"

Nikanyoosha mikono yote miwili. Yeye ndiye aliyekuwa ameuliza lile swali la koti. Akauzungushia gazeti, akaufunga kwa uzi, akanikabidhi. Kisha akachukua jembe akalifukia shimo likiwa tupu.

Kutoka Alupe nilitembea mpaka dereva mmoja aliponihurumia akanipandisha. Alinishusha Malaba, mwisho wa foleni ya malori, nikatembea pembeni mwake nikipita wauza mayai ya kuchemsha, wauza maji, madereva wamelala chini ya trela zao wakingojea karatasi za kuvuka mpaka. Niliwatazama wote waliokuwa wakiosha malori, hasa wenye mvi. Mahali hapa nimepapita mara nyingi, sijawahi kulala. Jua lilikuwa linashuka upande wa Uganda nilipoona nyumba ya wageni ya mabati, nyuma ya reli, na mama mnene akianika shuka.

Akanionyesha chumba: kitanda, ndoo, msumari ukutani. Nilipoweka mzigo wangu chini alinusa.

"Kastoma, hiyo ni nini inanuka moshi? Hapa hakuna kupika kwa room."

Nikamwambia sipiki. Ni chakula cha mjomba wangu.

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo la kila siku, na labda Malaba ni la kila siku. Kila anayelala hapa kuna anayemngojea. Akafungua dirisha, akakung'uta mto, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Na akikuja usiku nikiwa nimelala, nimwambie msichana amlete room gani?"

Tangu bibi afe, hakuna mtu aliyekuwa amemtaja mjomba kama mtu wa kuja. Nikaning'iniza ubavu kwenye msumari, nikajibu kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu.

"Hii hapa, mama. Amlete hapa."