Bi Verna Aliyekataa Kuahidi Namba Moja

Kabla hajaanza kuuza mambo ya mtandao, Bi Verna Lahti aliuza matangazo ya kitabu cha simu, zile kurasa za njano, kwa miaka ishirini na miwili. Kila Agosti gari lake la bluu lilipita miji yetu ya kaskazini, Hancock, Calumet, mpaka Copper Harbor, na hakuna karakana, hoteli wala duka la maua ambalo hakuingia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu ambao hawajazima mashine. Kwetu alifika Alhamisi. Alhamisi Mama huoka mkate wa iliki, na mtu asinidanganye kwamba ilikuwa bahati tu.

Mpaka leo nausikia mikononi uzito wa kile kitabu kikiwa kipya. Baba yangu, Reino Kangas, aliyekuwa akichomelea majiko ya sauna, yale ya kupashia mawe moto kwenye chumba cha kuogea mvuke, tangu mwaka 1979, alikipokea, akatafuta ukurasa wake, akaweka kidole juu ya tangazo na kusoma jina lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Kisha alikiweka rafuni karibu na simu, na habari ya matangazo ikawa imekwisha mwaka mzima. Ulilipa, ukashika ulicholipia. Naikumbuka sana miaka ile, na nikiikumbuka moyo unaniuma.

Kitabu kikaanza kukonda. Mwaka mmoja kilikuwa na unene wa kidole, mwaka uliofuata kampuni ikamwambia Bi Verna asante na kwaheri. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Wenzake walistaafu wakaenda Florida kuota jua. Yeye akajiandikisha darasa la jioni, akakaa na vijana waliomwita bibi, akajifunza jinsi tovuti inavyopandishwa ili mtu anayetafuta kitu mtandaoni aione mapema.

"Elna mwanangu, kazi ni ile ile," aliniambia. "Mtu bomba limempasukia, anataka fundi. Zamani alifungua kitabu, siku hizi anafungua simu. Mimi nakaa katikati yao."

Baba hakumwendea. Baba alikimbilia bei rahisi. Kampuni moja ya mbali ilimpigia ikamwahidi namba moja kwa dola tisini na tisa kwa mwezi, naye akalipa miaka miwili bila kukosa. Kila mwezi ikaja barua pepe yenye rangi ya kijani: namba moja, Bwana Kangas, hongera. Alizichapisha na kuzibandika ukutani. Simu haikuwa ikilia. Majiko manane yaliyokamilika yalikaa karakanani yakila vumbi. Septemba ile akaja mtu kutoka kusini mwa jimbo, anataka kulinunua jengo la karakana afungue duka la mitumbwi ya watalii, akampa Baba mpaka mwisho wa Oktoba amjibu. Baba alianza kuulizia bei ya vifaa vyake kimoja kimoja kwa mafundi wenzake, na Mama akawa analia akiosha vyombo, akidhani maji ya bomba yanamficha.

Mama ndiye aliyemwita Bi Verna. Alifika wiki ya kwanza ya Oktoba, akanywa kahawa, akamsogezea Baba kompyuta.

"Haya, tafuta. Nione hiyo namba moja."

Baba akaandika kwa vidole viwili: Karakana ya Kangas, majiko ya sauna, Hancock. Ikatokea juu kabisa. Akajinyoosha kitini.

"Umeona?"

"Nimeona. Hata mimi nikiita Verna nyumbani kwangu, wa kwanza kuitika ni mimi. Naishi peke yangu, Reino."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Baba akawa mwekundu masikio.

"Sasa andika kama mtu asiyekujua," Bi Verna akasema.

Baba akafikiri sana, akaandika: jiko bora la sauna lililochomelewa kwa mkono. Hatukuwemo ukurasa wa kwanza, wala wa tatu.

"Na hata ungekuwemo," akasema Bi Verna, "nani anatafuta hivyo?"

"Mtu anayejua kitu kizuri."

"Huyo ni wewe." Akamgeukia Mama. "Mama Elna, hii simu umeipokea miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Wakipiga, wanaanza kusema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mama swali hilo. Alifuta mikono polepole. "Wanasema jiko la babu limetoboka chini. Wanasema mawe yanadondokea motoni. Wanasema sauna ya kibanda cha ziwani inajaa moshi, na watoto wanakuja wikendi. Wanaotaka jipya ni wachache sana, shoga yangu."

"Unawajibu nini?"

Mama akamtazama Baba. "Nawajibu haturekebishi majiko ya wengine. Ndivyo nilivyoagizwa."

"Mimi natengeneza majiko," Baba akasema. "Sizibi matundu."

Bi Verna hakubishana. Aliandika maneno ya Mama yote kama yalivyotoka, kisha akataja bei: dola mia tano na hamsini kwa mwezi, kwa miezi sita.

"Wenzako wanachukua tisini na tisa."

"Na wamekupa cha tisini na tisa. Mimi siuzi nafasi, Reino, nafasi si yangu. Nauza saa zangu. Nitaandika kurasa kwa maneno ya mkeo. Nitapiga picha matundu kabla hujayaziba na baada. Nitazunguka kwa wenye kukodisha vibanda, niwaombe wakutaje kwenye tovuti zao. Na hiyo tovuti yako inayofunguka kwa kujivuta nitaisafisha. Lakini matundu utayaziba. Kama huyazibi, usinilipe hata senti."

"Utanifikisha namba moja?"

"Sijui."

"Kabla ya mwisho wa Oktoba?"

"Hapana. Kabla ya Machi sitaweza hata kukuambia kama imesaidia."

Nilimchukia siku ile. Nilimfuata nje, theluji ya kwanza ikianza kudondoka, nikamwambia angeweza kumdanganya mzee kidogo tu, apate nguvu ya kumkataa yule mnunuzi.

Bi Verna alisimama mkono ukiwa kwenye mlango wa gari. "Mwaka wa mwisho wa kitabu nilimuuzia baba yako tangazo la nusu ukurasa," akasema. "Nilijua hakuna anayekifungua tena. Nilijua, nikala mkate wenu, nikachukua hundi." Akaingia garini, akaondoka. Siku hizi hayupo tena, na sijakutana na muuzaji mwingine aliyewahi kunieleza jambo kama hilo.

Sikumwambia Baba. Lakini siku mbili kabla ya Oktoba kuisha alimpigia yule mtu wa mitumbwi, akamwambia jengo haliuzwi, kisha akamwandikia Bi Verna hundi ya mwezi wa kwanza. "Yule mama angeweza kuniambia ndiyo, akachukua hela zake," alisema mezani. "Ameniambia hajui." Basi. Tulipata maelezo hayo tu, na nyumba nzima ikaingia msimu wa baridi ikiwa imeshikilia hayo.

Novemba kimya. Desemba kimya. Bi Verna alikuja na kamera yake, akapiga picha majiko mabovu mawili aliyoyaomba kwa majirani, Baba akayaziba huku akinuna. Januari alipiga mtu aliyekosea namba, na Mama alivyokata simu nilishindwa kumwangalia usoni. Februari Baba alianza kumtania Bi Verna kwamba simu imeganda pamoja na ziwa, lakini hakuna aliyecheka. Nilihesabu moyoni kwamba tumeponzwa na mwanamke mkweli.

Simu ililia Machi, mchana, tukila pasti, zile kama sambusa kubwa za nyama na viazi. Mama akapokea. Sauti ya mwanamke ilikuwa ya juu, mpaka mimi niliisikia. Alikuwa akipiga kutoka jimbo jirani la Wisconsin. Baba yake amefariki, amewaachia kibanda, jiko la sauna limetoboka chini na mawe yanadondokea motoni, na ameona picha ya jiko kama hilo hilo kwenye tovuti yetu.

Mama akafungua kinywa, na yaliyotoka yalikuwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja. "Pole sana mwanangu, lakini sisi haturek..."

Akaziba simu kwa kiganja, akamtazama Baba.

Baba alikuwa na uma hewani. "Mwambie alilete," akasema.

Mama akamwambia. Akaandika jina, akamwelekeza njia, akakata simu taratibu. Kisha akakaa sakafuni pale pale chini ya simu.

"Wote wale," akasema. "Baba Elna, wote wale niliowafukuza."

Baba aliweka uma chini, akaenda akakaa sakafuni karibu naye, mzee mzima, kwenye maji ya theluji yaliyotoka kwenye viatu vyetu.