Marahaba ya Baba

Vitabu vinasema kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti, na mkazo ni ile silabi inayobanwa kuliko nyingine. Mimi nafundisha hayo kidato cha pili, hapa hapa Mwanza, na kila mwaka nikifika ukurasa huo hasira zinanipanda. Wanafunzi hudhani nimegombana na mume wangu. Sina mume, na wala sijamtafuta.

Kwetu Igoma somo hilo tulilijua kabla ya kuvaa sare. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, Msukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani, na alikuwa anampiga mama. Simaanishi kofi. Alimpiga kwa mkanda, kwa kigoda, kwa chochote kilichokuwa karibu, hadi majirani wakazoea. Mashangazi wakija walimwambia mama mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani, na meno mawili yameshang'oka?

Basi mama akanipa kazi, mimi wa kwanza kuzaliwa. Baba akirudi jioni niwahi mlangoni, nipige goti, nimwamkie, kisha nisikilize vile anavyoitikia. Akiwa na moyo mweupe, shikamoo yangu aliijibu kwa sauti ya kwao: anaivuta silabi ya mwisho, anaipandisha, na ile r inageuka l, malahabaaa. Usukuma mtupu. Siku hiyo tulikula kwa amani. Lakini hasira zikimjaa, Usukuma wote ulimtoka. Aliitikia kifupi, kikavu, kila silabi mahali pake, sauti ikishuka mwishoni. Hapo nilikwenda jikoni nikamwambia mama imeshuka, naye akatokea mlango wa nyuma hadi kwa jirani yetu, mama mmoja mshona nguo, akajificha nyuma ya vitambaa mpaka baba alale. Baba akimkosa alivunja sahani mbili tatu, akatukana, akalala.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana wa Tanga, alituchorea kiimbo ubaoni: mstari unapanda, mstari unashuka. Alitucheka sisi wa Kanda ya Ziwa, eti tunaimba badala ya kusema. Siku moja akatutamkisha maneno darasa zima, tukigonga dawati kwenye silabi yenye mkazo, na mimi sikukosea hata moja. Alinisimamisha mbele akasema huyu ndiye anayesema Kiswahili safi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Jioni hiyo baba akaingia. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema.

Na loo, ilikuwa nzuri. Ile r imekaa, mkazo umekaa, mwisho umetua kama alivyotufundisha mwalimu. Nilisahau nasikiliza kwa ajili ya nani. Nikakimbia jikoni nacheka, nikamwambia mama leo iko vizuri, leo baba kasema Kiswahili safi kabisa. Mama alikuwa anasonga ugali. Aliniangalia kidogo, akaendelea kusonga.

Baba alimkuta pale pale. Alimnyang'anya mwiko akampiga nao usoni, ugali wa moto ukamrukia shingoni, na mwiko ulipovunjika akachukua kigoda. Nilisikia mfupa wa mkono wa mama ukikatika, na sitaeleza ulivyolia. Nilimrukia baba mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, na nasema wazi, nilifurahi. Alinibamiza ukutani. Mshona nguo na wanawe wawili ndio waliomtoa nje, wakamfunga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Hospitali walimfunga mama plasta kuanzia begani. Shingo ilikuwa imebabuka, jicho moja halifunguki. Nilikaa pembeni ya kitanda siku mbili, nikijua aliyemlaza pale ni mimi. Siku ya tatu nikamwambia. Nilimwambia nilisikia vibaya, nikamletea habari mbaya, kosa ni langu.

"Si lako," mama akasema. "Toka mlangoni hadi jikoni ni hatua nne. Niliisikia mwenyewe."

Nikamuuliza sasa kwa nini hakukimbia, mlango wa nyuma si ulikuwa wazi? Aligeuza uso upande wa ukuta.

"Ulikuja unacheka, mwanangu. Tangu nikupe kazi ile sijakuona unatoka mlangoni kwa baba yako unacheka. Nikasema leo nisikuharibie."

Nilitaka kumpiga. Sitaficha: nilitaka kumpiga mama yangu mzazi, na plasta yake, pale pale kitandani, kwa nguvu zote za baba. Niliiweka mikono chini ya mapaja nikaikalia, nikabaki hivyo mpaka muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.