Mikorosho ya Bi Umi

Mwezi wa sita, mikorosho inapoanza kutoa maua, mpuliza salfa huamka kabla ya ndege. Unga wa salfa hushika jani lenye umande. Jua likishapanda, unga hupeperuka, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe, unaendelea kula maua.

Stefano aliyajua hayo tangu ujana wake kule Newala. Asichokijua ni kijiji cha Likawage. Alikuwa amefika wiki tatu nyuma na mashine yake ya kupulizia, na katika wiki hizo hakuna aliyempa kazi. Watu walimsalimu vizuri, wakapita zao. Nani akabidhi maua ya mwaka mzima kwa mtu ambaye mkono wake haujulikani? Mwishowe mzee Nassibu akampa mifuko miwili ya salfa.

"Nakujaribu," alimwambia. "Vuka korongo, shamba la pili kushoto. Ukiliharibu, hapa hutapata kazi tena."

Alfajiri ile ilikuwa na ukungu. Stefano alisukuma baiskeli yenye mzigo, akavuka korongo, akahesabu mashamba mawili, akawasha mashine. Hakujua kwamba korongo lile limegawanyika, na kwamba yeye amevuka tawi lisilo lake. Katika ukungu mikorosho haina jina la mtu.

Alipoizima mashine, mfuko wa pili ulikuwa mtupu. Chini ya mti wa mwisho alisimama mwanamke mtu mzima, khanga yake imegeuka njano kwa unga, anatabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu Yassin amekutuma, eti? Nilimwambia kwenye simu mwaka huu sina salfa, akanyamaza. Kumbe alikuwa na lake moyoni!"

Stefano akavua kofia. "Mama, hili si shamba la mzee Nassibu?"

"La Nassibu liko kule, ng'ambo. Hili langu mimi, Umi."

Angeweza kukubali kwamba ametumwa na Yassin, akafunga mzigo na kuihama Likawage kabla ya adhuhuri. Akamwambia ukweli: yeye ni mgeni kutoka Newala, ametumwa na Nassibu, na amepotea.

Bi Umi aliigeukia mikorosho yake. "Basi si mwanangu," alisema taratibu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mmakonde wewe! Umepita mashamba yote ya wenye salfa, ukaja kupotelea kwa asiyenayo! Haya, twende kwa Nassibu. Ukienda peke yako atakupiga. Nikiwepo atatukana tu."

Nassibu alitukana kweli. "Maua yangu yanakufa, ya Umi yanapakwa poda!" Majirani wakasikia, wakaja.

"Mwambieni aikung'ute salfa, airudishe mfukoni," alisema Jafari, mwenye shamba la jirani, na watu wakacheka.

"Haikung'utiki," alijibu Bi Umi. "Lakini nendeni mkaangalie kazi yenyewe."

Wakaenda, Nassibu nyuma kabisa, amenuna. Walitembea chini ya mikorosho wakigeuza majani, wakiinua macho hadi vilele. Kila shada la maua lilikuwa limefikiwa. Stefano alisimama pembeni na kofia mkononi, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Mimi nina nusu mfuko wa ziada," alisema Jafari hatimaye. "Nautoa kwa Nassibu, ila huyu bwana anipulizie na mimi." Mwingine akaahidi ndoo, mwingine beseni, kila mmoja kwa sharti lile lile. Bi Umi, ambaye hakuwa na salfa, akatoa siku mbili za palizi shambani kwa Nassibu.

Mtu anayeijua njia hupita milango ya watu. Aliyepotea hana budi kupiga hodi. Wiki tatu Stefano alikuwa amepita njia sahihi za Likawage bila kujulikana na yeyote. Asubuhi moja ya kupotea ilimpa mashamba manne na watu wa kumwita kwa jina.

Kesho yake Nassibu alitangulia mwenyewe mpaka shambani kwake, akaupigapiga mti wa kwanza kwa kiganja. "Huu ni wangu. Umeuona?"

"Nimeuona, mzee."

Alikaa hapo mpaka Stefano alipomaliza mti wa mwisho. Akainama, akachuma jani, akalifuta kwa kidole gumba, akakitazama kidole kilivyogeuka njano.

"Jumatatu shemeji yangu anakuhitaji," alisema. "Shamba lake liko mbali kuliko hili. Nitakupeleka mwenyewe."