Meza ya Watu Wawili

Mume wangu huuza mbuzi, na hoteli kubwa iliyofunguliwa karibu na mto hapa Garissa hununua kwake. Walipofungua mgahawa wa ghorofani, ule wenye vitambaa vyeupe mezani, wenye hoteli waliwaalika watu wanaowauzia vyakula, kila mmoja aje na mwenzake. Nilidhani angekwenda na kaka yake. Lakini shemeji alikuwa Wajir kwa biashara ya ngamia, na siku hiyo baada ya alasiri mume wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Jitayarishe. Tutakwenda sisi."

"Ni harusi ya nani?" nikamwuliza.

"Si harusi. Ni chakula tu."

Nililetwa hapa mtaa wa Waberi nikiwa bibi harusi kutoka Buna, na mtoto wetu wa kwanza sasa yuko chuo kikuu, lakini sikuwa nimewahi kukaa na mume wangu tukala pamoja. Nyumbani kwetu hakukosi mgeni. Wanaume hula sebuleni kwenye sinia lao, na sisi wanawake hula chumba cha ndani na mama mkwe, kwenye letu. Hakuna aliyetukataza. Ndivyo tulivyozoea.

Pale hotelini, mhudumu wa makamo alinivutia kiti. Nikabaki nimesimama, maana sikujua kama ananikaribisha au anakihamisha. "Keti, mama," akasema kwa upole. Nikaketi, na mume wangu akawa mbele yangu kabisa. Sikujua macho niyaweke wapi.

Kwanza tuliletewa maini ya mbuzi, vipande vichache katikati ya sahani pana, vimezungushiwa mchuzi wa ukwaju. Mume wangu alikata kwa kisu, akakiweka chini, akahamishia uma mkono wa kulia, akasema bismillahi. Nami nikafanya hivyo hivyo. Kisha nikaona anayasukuma maini ukingoni.

"Mbona huli?"

"Mimi sili maini."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Harufu yake hunishinda."

Nikaacha kutafuna. Kila mbuzi aliyechinjwa nyumbani kwetu, maini niliyakaanga mwenyewe kwa kitunguu na pilipili manga, nikayaweka juu ya wali, upande wake. Sinia lilirudi tupu, nami nikafurahi.

"Sasa nani alikuwa akiyala?"

"Wageni. Kaka yangu hasa." Akaweka uma chini. "Niliona unajitahidi. Ningesemaje?"

Akanisogezea sahani yake. Nikayala yote, kwa kuwa mimi nayapenda, na nyumbani hayakuwahi kunibakia.

Sahani zikaondolewa, tukangoja. Nyumbani chakula huja chote kwa pamoja na kwisha upesi. Hapa ulikuwapo muda mrefu usio na kazi yoyote, wala mtoto wa kuita. Mume wangu alikuwa ameilaza simu yake kifudifudi.

"Ninyi huko ndani huwa mnacheka nini?" akaniuliza.

"Lini?"

"Wakati wa kula. Sisi tunazungumza bei ya mifugo, tunanyamaza, halafu nawasikia mnacheka. Mara nyingine nimetamani kuja kusikiliza."

Nikafikiri kama nimwambie. "Mama yako huwaigiza wageni wako," nikasema. "Wanavyokohoa kabla ya kuomba chai ya pili."

"Mama yangu?"

"Hata wewe anakuigiza, unavyogeuza p kuwa b ukiongea kwa simu na wanunuzi wa Nairobi. 'Bole bole, rafiki, bei itabanda.'"

Alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kila kitu kiko sawa. "Sawa kabisa," akajibu, akijifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Baadaye zilikuja mbavu, ambazo alidai ni za mbuzi wake, ingawa sijui mtu humtambuaje mbuzi kwa mbavu mbili. Halafu kitu kitamu cha maziwa ya ngamia, ndani ya bilauri ndogo. Tuliongea muda wote. Nilimweleza nilivyomwogopa mama yake mwaka wa kwanza, naye akaniambia kuwa yeye pia alikuwa akimwogopa.

Wageni bado wanakuja nyumbani, na masinia bado ni mawili. Lakini siku hizi, baada ya swala ya alfajiri, mume wangu huja jikoni nikipika anjera, zile chapati zetu za maji, hukalia kigoda na kula zikiwa bado za moto. Siku nyingine tunaongea, siku nyingine hatuongei. Mama mkwe akipita, humtazama na kuniuliza, "Huyu naye anataka nini hapa?" Kisha hujivutia kigoda kingine.